Kama Newton alishamaliza, mtaalamu wa mwendo wa sayari hutafiti nini?

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Tanga, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Napenda sana habari za sayari, na nilimwambia mwalimu wetu kwamba nataka kuusomea mwendo wake mpaka ngazi ya juu kabisa. Akaniambia kazi hiyo Kepler na Newton waliimaliza zamani, kilichobaki ni kupiga hesabu tu. Je, ni kweli? Mtu wa fani hiyo anatafiti nini maisha yake yote? Na kama ni kazi ya madarubini makubwa, sisi tusio nayo tutaiwezaje?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuhusu sheria yenyewe mwalimu wako yuko sahihi. Sheria ya mvutano ya Newton ndiyo tunayoitumia hadi leo kwa karibu kila kitu kinachozunguka Jua, pamoja na marekebisho madogo ya Einstein pale yanapohitajika, hasa kwa sayari ya Utaridi. Lakini kuijua sheria ni jambo moja, na kujua sheria hiyo imefanya nini ndani ya miaka bilioni nne na nusu ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili bado liko wazi, na mimi naamini ndilo lenye utamu.

Ukichukua Jua na Dunia peke yake, hesabu inakubali. Unapata duaradufu, na unaweza kusema Dunia itakuwa wapi mwaka wowote utakaoutaja. Ongeza mwenzao wa tatu na utulivu huo unaisha. Mfaransa Henri Poincaré alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba kwa vitu vitatu vinavyovutana hakuna fomula ya namna ile itakayokupa jibu la kila hali na kila wakati. Na sisi tuna sayari nane, kila moja ikiwavuta wenzake wote. Mwaka 1989 Mfaransa mwingine, Jacques Laskar, alionyesha kwamba ukikosea kwa mita 15 tu mahali Dunia ilipo leo, baada ya miaka milioni 10 kosa lako litakuwa kama mita 150, lakini baada ya miaka milioni 100 litafika kilomita milioni 150, yaani umbali wote kutoka hapa hadi kwenye Jua. Mwaka 2009 yeye na Mickaël Gastineau walikokotoa mwendo wa sayari zote mara 2,501, kila hesabu ikienda miaka bilioni 5 mbele na kuanza kwa tofauti ndogo mno. Katika karibu asilimia 1 ya hesabu hizo obiti ya Utaridi, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ilirefuka kupita kiasi, mpaka kugongana na Zuhura au kutumbukia kwenye Jua kukawa jambo linalowezekana.

Watu wengi wakieleza kwa nini fani hii haijaisha huishia hapo, kwenye mambo yasiyotabirika. Mimi naona kuna sababu nzito zaidi. Newton alizihesabu sayari kama nukta zenye uzito. Sayari si nukta. Zina kiini na ganda, zinavutwa zikarefuka kidogo, zinasuguana ndani kwa ndani, zinapata joto. Yote hayo yanaacha alama kwenye mwendo wake. Kwa hiyo mwendo ni ushahidi: ukiusoma vizuri unajua kilichomo ndani ya dunia ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga wala kuichimba.

Wewe umekulia Tanga, kwa hiyo bamvua na maji mafu huhitaji kufundishwa. Unajua bahari hujaa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Jambo ambalo halionekani ufukweni ni kwamba kujaa na kupwa huko kuna gharama. Maji yanasuguana na sakafu ya bahari, Dunia inapunguza kasi ya kujizungusha, na Mwezi unasogea mbali nasi kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Tunajua hivyo kwa sababu wanaanga wa Apollo waliacha vioo juu ya Mwezi, na mpaka leo vinarushiwa mionzi ya leza ili kupima umbali. Na Mwezi na Jua havivuti maji peke yake. Hata mwamba unavutwa. Shika hilo, maana ndilo lililompa riziki mtu ninayetaka kukusimulia.

Anaitwa Stanton Peale, Mmarekani aliyezaliwa 1937 akafariki 2015, na alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Hakuwa mtu wa kukesha kwenye darubini. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa kalamu, karatasi na kompyuta. Nimemchagua kwa makusudi, kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya swali lako.

Mwaka 1965, wakati Peale anamaliza uzamivu wake Cornell chini ya Thomas Gold, kulitokea jambo lililowashangaza wengi. Tangu karne ya 19, kwa kufuata michoro ya Mwitalia Giovanni Schiaparelli, vitabu vilisema Utaridi inajizungusha mara moja kwa siku 88, sawa na muda inaotumia kulizunguka Jua, ikilielekezea Jua uso uleule siku zote kama Mwezi unavyotufanyia sisi. Ndipo Gordon Pettengill na Rolf Dyce wakatumia dishi la mita 305 la Arecibo, Puerto Rico, kuipiga Utaridi kwa mawimbi ya rada, wakakuta inajizungusha kwa siku kama 59. Peale na Gold walieleza mwaka uleule kwamba sayari yenye obiti iliyorefuka kiasi kile si lazima iishie kwenye siku 88. Mwitalia Giuseppe Colombo wa Padua akaiona namba yenyewe: siku 58.65 ni theluthi mbili kamili ya mwaka wa Utaridi. Sayari hiyo inajizungusha mara tatu kila inapolizunguka Jua mara mbili.

Kwa nini tatu kwa mbili? Mwaka 1966 Peale na Peter Goldreich waliandika nadharia ambayo mpaka leo tunawafundisha wanafunzi. Utaridi huwa kilomita milioni 46 kutoka kwenye Jua ikiwa karibu, na kilomita milioni 70 ikiwa mbali. Mvutano unaoigusa kwa nguvu ni ule wa pale karibu. Na kwa kuwa Utaridi si tufe kamili, imerefuka kidogo upande mmoja, kila inapofika karibu Jua hushika ule urefu na kuurudisha kwenye mstari. Ikiwahi, inarudishwa nyuma. Ikichelewa, inavutwa mbele. Ikishanaswa hapo haitoki kirahisi.

Hapa niseme kidogo juu ya Colombo, maana kisa chake kinaonyesha namba hizi zina nguvu gani. NASA ilipokuwa inaandaa chombo cha Mariner 10 kipite karibu na Utaridi mara moja tu, yeye aliona kwamba baada ya kupita, chombo kingezunguka Jua kwa muda unaokaribia siku 176, yaani miaka miwili ya Utaridi, kwa hiyo kikirekebishwa kidogo kingeikuta sayari palepale tena. Kikapita mara tatu, 1974 na 1975. Lakini siku 176 ni pia mizunguko mitatu kamili ya Utaridi kujizungusha yenyewe, hivyo kila kiliporudi kilikuta upande uleule ndio unaopigwa na Jua. Kwa sababu hiyo Mariner 10 ilipiga picha chini ya nusu ya sayari, na nusu nyingine ikabaki haijaonekana kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa tuje kwenye kazi iliyompa Peale umaarufu. Mshtarii ina mwezi uitwao Io unaoizunguka kwa siku 1.77. Europa hutumia siku 3.55, na Ganymede siku 7.15. Ona jinsi kila mmoja anavyotumia takribani mara mbili ya aliyemtangulia. Hii ina maana kwamba Io na Europa hukutana karibu sehemu ileile ya obiti kila mara, na Europa humvuta mwenzake kwa namna ileile kila wanapokutana. Mivuto midogo ambayo ingefutana inajumlishana. Hali hii tunaiita resonansi, na inaizuia obiti ya Io isiwe duara kamili. Io inabaki ikikaribia Mshtarii na kuachana nayo kidogo kila mzunguko, na mwamba wake unavutwa na kuachiwa, uso ukipanda na kushuka hadi kama mita 100. Ufukweni Tanga unapima kujaa na kupwa kwa mita chache, tena za maji. Pale ni mwamba, kila baada ya siku mbili kasoro. Msuguano huo lazima uzae joto.

Peale, pamoja na Patrick Cassen na Ray Reynolds wa kituo cha Ames cha NASA, walikokotoa joto hilo wakaona linatosha kuyeyusha sehemu kubwa ya ndani ya Io, na wakaandika kwamba huenda uso wake una volkano zinazolipuka. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Science tarehe 2 Machi 1979. Chombo cha Voyager 1 kilipita Mshtarii tarehe 5 Machi. Tarehe 8 kikiwa kinaondoka kilipiga picha ya Io kwa ajili ya kazi ya kawaida ya kuongoza safari: wahandisi walitaka kuona nyota hafifu nyuma yake ili wajue chombo kiko wapi. Mhandisi Linda Morabito alipoiongezea picha mwanga ili nyota ijitokeze, aliona kitu kama mwavuli kimesimama nje ya ukingo wa Io. Kilikuwa ni moshi wa volkano uliorushwa kilomita karibu 300 juu. Leo tunajua hakuna mahali katika mfumo wa Jua penye volkano nyingi hai kama Io, na watu watatu walilisema jambo hilo kwa hesabu kabla halijaonekana.

Watu wakimtaja Peale humtaja kwa Io. Mimi naheshimu zaidi makala fupi aliyoitoa mwaka 1976 kwenye jarida la Nature. Mariner 10 ilikuwa imegundua kwamba Utaridi ina uga wa sumaku, jambo lisilotarajiwa kwa sayari ndogo ambayo wengi walidhani kiini chake cha chuma kilishapoa na kuganda. Peale akauliza: je, kiini cha Utaridi bado kimeyeyuka? Na akaeleza jinsi ya kujua bila kutua wala kuchimba.

Chukua mayai mawili, moja bichi na moja lililochemshwa likaiva, uyazungushe mezani. Lililoiva linazunguka vizuri kama kitu kimoja. Bichi linasitasita, kwa sababu gamba linasukumwa lakini ute haulifuati sawasawa. Utaridi nayo husukumwa: kwa kuwa imerefuka upande mmoja, Jua huiharakisha na kuichelewesha kidogo kila mwaka wake wa siku 88, ikawa inayumba katika kujizungusha. Kama ndani ni kigumu chote, Jua linalazimika kuitikisa sayari nzima na kuyumba kunakuwa kudogo. Kama kiini ni kimiminika, linalotikiswa ni ganda la nje peke yake, na kuyumba kunakuwa karibu mara mbili. Peale akaorodhesha vitu vinne vya kupima: kiasi cha kuyumba, mwinamo wa mhimili wa sayari, na namba mbili zinazoeleza umbo la mvutano wake. Ukivipata vinne, unajua hali ya kiini na ukubwa wake. Mwaka 1976 hapakuwa na chombo cha kupima hata kimoja kwa usahihi aliouhitaji.

Alisubiri, na huku akiendelea na kazi nyingine. Mwaka 2007 Jean-Luc Margot na wenzake, Peale mwenyewe akiwa mmoja wao, walitoa jibu la kwanza. Dishi la Goldstone, California, lilirusha mawimbi ya rada hadi Utaridi. Mawimbi yakigonga uso wenye mawe na mabonde hayarudi yakiwa laini. Yanaifikia Dunia yakiwa na mabaka, hapa yana nguvu, pale ni dhaifu, na Utaridi inapojizungusha mabaka hayo yanatambaa juu ya uso wa Dunia. Yanapita dishi moja, na sekunde kama kumi baadaye mabaka yaleyale yanapita dishi la pili upande wa pili wa Marekani, Green Bank, West Virginia. Ukiupima muda huo wa kuchelewa unapata kasi ya Utaridi kujizungusha kwa usahihi wa sehemu moja katika laki moja. Walirudia vipimo kati ya 2002 na 2006 hadi kuyumba kukaonekana: karibu sekunde 36 za pembe, ambapo sekunde moja ni nyuzi moja iliyogawanywa kwa 3,600. Kwenye ikweta ya Utaridi huko ni kusogea kwa zaidi ya mita 400. Hesabu ya sayari ngumu isingeweza kutoa kiasi hicho. Kiini kimeyeyuka, angalau sehemu yake ya nje.

Namba mbili za mvutano zililetwa na chombo cha MESSENGER, kilichoingia kwenye obiti ya Utaridi Machi 2011. Zikaonyesha kiini chenye nusu kipenyo cha karibu kilomita 2,000 ndani ya sayari yenye kilomita 2,440. Yaani ganda lote la mwamba ni kilomita mia nne na kitu tu, na kinachobaki ni chuma. MESSENGER iliishiwa mafuta ikaanguka kwenye Utaridi tarehe 30 Aprili 2015. Peale alifariki mwezi uliofuata, akiwa ameshauona mpango wake wa vipimo vinne ukikamilika. Kazi haijafungwa: chombo kingine, kilichopewa jina la BepiColombo kwa heshima ya yule Mwitalia, kilirushwa Oktoba 2018 na kilipangiwa kuingia kwenye obiti ya Utaridi Novemba 2026, na moja ya majukumu yake ni kuyapima mambo hayohayo kwa usahihi zaidi.

Usidhani mwendo husimulia habari za ndani tu. Unasimulia na zamani. Renu Malhotra, aliyezaliwa India na kupata uzamivu wake Cornell mwaka 1988, alijiuliza kwa nini Pluto ina obiti iliyorefuka na kuinama vile, tena ikiwa kwenye resonansi na Neptuni: Pluto inazunguka mara mbili Neptuni inapozunguka mara tatu. Mwaka 1993 alieleza kwamba hali hiyo inaeleweka kama Neptuni haikuzaliwa pale ilipo, bali ilisogea nje polepole, ikainasa Pluto njiani na kwenda nayo. Kama ni hivyo, Pluto isingekuwa peke yake, kungekuwa na vitu vingine vingi vilivyonaswa vilevile. Miaka iliyofuata darubini zikavipata vingi kweli. Leo wazo kwamba sayari kubwa zilihama tunalichukulia kama jambo la kawaida, na lilitokana na mtu kuuliza obiti moja ya ajabu imetokea wapi.

Sasa kuhusu wewe. Fani hii inahitaji darubini na rada, nisikudanganye, lakini si lazima ziwe zako. Vipimo vingi vya vyombo vya anga viko wazi kwa kila mtu. Mfumo wa Horizons wa maabara ya JPL ya NASA utakupa mahali ilipo sayari, mwezi au nyotamkia yoyote inayofuatiliwa, bila malipo. Programu ya REBOUND, ambayo nayo ni ya bure, inakokotoa mwendo wa vitu vingi kwa pamoja kwenye kompyuta ya kawaida. Unachopaswa kukijenga sasa ni mekanika na kalkulasi, na ukifika chuo usikimbie milinganyo inayoeleza mabadiliko, hata kama wenzako wanaiogopa. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mapema. Walimu wa fani hii Afrika Mashariki ni wachache, kwa hiyo pengine shahada ya kwanza utaisoma nyumbani katika fizikia au hisabati, na baadaye utamfuata msimamizi nje. Ukifika kwa msimamizi, atakupima kwa swali unalouliza. Nenda nalo tayari.

Maswali yapo. Mimas, mwezi mdogo wa Zohali, uko karibu na sayari yake kuliko mwezi mwenzake Enceladus, na obiti yake imerefuka zaidi, kwa hiyo ungetarajia uwe na joto zaidi. Lakini Enceladus ndio unaorusha maji angani, na Mimas una uso uliojaa mashimo ya kale, kama kitu kilichokufa zamani. Jambo hilo liliwasumbua watu kwa miongo. Mwaka 2024 Valéry Lainey wa kituo cha astronomia cha Paris na wenzake walichunguza jinsi obiti ya Mimas inavyobadilika, kwa vipimo vya chombo cha Cassini, wakahitimisha kwamba chini ya barafu kuna bahari, tena changa mno kwa umri wa sayari, chini ya miaka milioni 25. Bado kuna wanaobishana nalo. Imetoka wapi, na kwa nini sasa? Mtu anaweza kuanzia hapo na kupata kazi ya miaka kumi.

Kabla ya Mimas, fanya hili kwa kikokotoo chako. Io: siku 1.769138. Europa: 3.551181. Ganymede: 7.154553. Gawanya 1 kwa kila moja upate kasi ya mzunguko. Kisha chukua kasi ya Io, toa mara tatu ya kasi ya Europa, ongeza mara mbili ya kasi ya Ganymede. Ukishaona jibu, chora miezi hiyo mitatu kwenye karatasi, anza na Europa na Ganymede zikiwa upande mmoja wa Mshtarii na Io upande wa pili, uzisogeze siku hadi siku. Utatafuta siku ambayo zote tatu zinakaa upande mmoja kwa mstari, na hutaipata. Jaribu kueleza kwa nini kwa kutumia ile sifuri uliyoipata, halafu uniandikie.